Tuliahidi mambo matatu, boom imechelewa, na sasa wenzangu wanataka mgomo

BARUA

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni msichana wa miaka 23, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya ualimu katika chuo kimoja hapa Iringa ambacho naomba nisikitaje. Mwezi Mei tulichaguliwa kuongoza serikali ya wanafunzi kwa ahadi tatu tulizoziandika kwenye kila bango: elimu, ustawi, na ushiriki wa mwanafunzi katika mambo ya nchi yake. Rais wetu aliniteua kuwa Waziri wa Mikopo, nami nikakubali kwa furaha, kwa sababu mimi mwenyewe nasoma kwa mkopo na ninajua maana ya kusubiri fedha ya kujikimu huku mfukoni umebakiwa na nauli tu.

Tangu chuo kifunguliwe mambo yamenielemea yote kwa wakati mmoja. Boom, yaani hiyo fedha ya kujikimu, ya kwanza kwa mwaka huu inamaliza wiki ya tatu ya kuchelewa kwa wanaoendelea, ingawa wengi wa mwaka wa kwanza wamekwisha kusaini kuipokea. Nimefungua daftari la kuandika majina na hali za wote wanaokuja kunieleza shida zao, na hadi leo wamefika 41. Wapo wanaokula mlo mmoja kwa siku, tena kwa kukopa kwa mama ntilie. Wapo wasichana wawili waliotolewa kwenye chumba walichopanga mtaani, ambao sasa wanabebana, yaani wanalala kitanda kimoja, na wenzao hosteli. Yupo pia kijana ambaye mlinzi alimkuta usiku wa manane amelala katika ukumbi wa mihadhara. Nikienda kuuliza ofisini naambiwa nisubiri, na kwa kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Wiki iliyopita baraza letu la mawaziri lilikaa, na wengi wakaamua kwamba Jumatatu ijayo mwanafunzi yeyote asiingie darasani hadi fedha itoke. Tamko la kuilaumu Bodi ya Mikopo limekwisha kuandikwa, na wananitaka nilitie saini mimi kwa kuwa mikopo ni wizara yangu. Nilipouliza maswali mawili matatu, niliitwa msaliti katika kundi letu la WhatsApp.

Upande wa ile ahadi ya tatu hali si nzuri zaidi. Mimi na Waziri wa Katiba na Sheria tuliandaa mazungumzo ya kila Jumatano jioni kwenye vimbweta, yaani viti vya kusomea nje, kuhusu Katiba, daftari la wapiga kura na serikali za mitaa. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ilitujibu kwa mistari miwili kwamba siasa haziruhusiwi chuoni. Siku chache baadaye alitufuata kijana mmoja wa chama cha siasa, akasema atatupatia fulana 200 na spika, mradi wazungumzaji awachague yeye. Rais wetu anauona huo kuwa msaada. Mimi nina mashaka.

Mama yangu, ambaye anauza nyanya na vitunguu ili wadogo zangu wasome, amepata habari hizi kwa mtu mwingine, akanipigia simu na kuniambia kwamba alinipeleka kusoma, hakunipeleka kutetea watu. Wastani wangu wa alama nao umeshuka. Je, nisaini? Nijiuzulu? Na katika zile ahadi tatu, ni ipi niiache ili nibaki na zile ninazoziweza?

Waziri aliyeelemewa,
Iringa.

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilipiga mstari chini ya maneno ambayo nadhani uliyaandika bila kuyapa uzito: "kwa wanaoendelea". Ikiwa wengi wa mwaka wa kwanza wamekwisha kusaini na nyinyi bado, maana yake ni kwamba Bodi ya Mikopo imekwisha kuanza kutoa fedha chuoni kwenu, na yumkini kilichokwama si fedha bali ni taarifa iliyopaswa kuitangulia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulipwa baada ya kupangiwa mkopo na kusajiliwa, lakini anayeendelea husubiri chuo kiiarifu Bodi kwamba amefaulu mwaka uliopita na amesajiliwa kwa mwaka mpya. Taarifa hiyo huandaliwa katika ofisi ambazo nyinyi mnapita mbele yake kila siku mkienda kula: idara zinazokusanya alama, ofisi ya mitihani inayozipitisha, na dawati la mikopo linalozituma. Mhadhiri mmoja aliyechelewa kurudisha alama za sapu, yaani mitihani ya marudio, anaweza kuliweka darasa zima njaa, wakiwemo wale ambao hawajapata sapu tangu waingie chuoni, na wala asijue kwamba amefanya hivyo.

Inawezekana pia kwamba sababu ni nyingine, kama vile akaunti za benki zenye majina yasiyolingana na yale ya mkopo, au wanafunzi ambao hawajakamilisha usajili kwa sababu hawajamaliza sehemu ya ada inayowahusu wenyewe. Ndiyo maana naliona daftari lako kuwa na thamani kuliko tamko lenu. Kwa sasa lina majina 41 na hali za watu 41. Tengeneza jedwali kutokana nalo, ukiongeza idara ya kila mmoja, mwaka wake, kama usajili wake umekamilika, kama matokeo yake yanaonekana kwenye mfumo wa chuo, na benki anayotumia. Kazi hiyo wawakilishi wa madarasa wanaweza kukusaidia kuimaliza kwa siku mbili. Ukikuta kwamba 30 kati ya hao 41 wanatoka katika idara mbili, hutakuwa na haja ya kumuuliza mtu yeyote kwa nini fedha imechelewa. Utaingia katika ofisi ya mkuu wa idara ukiwa unajua, naye ataona kwamba unajua. Mwanafunzi anayelalamika kwa jumla huambiwa asubiri, kama ulivyoambiwa wewe, kwa sababu malalamiko ya jumla hayana mtu mmoja anayepaswa kuyajibu.

Ukiingia humo ofisini, usiingie kama mwombaji. Tangu mwaka wa masomo wa 2022/23, fedha ya chakula na malazi imekuwa shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 za awali, kwa hiyo siku 21 za kuchelewa ni shilingi 210,000 kwa kila kichwa, na hizo ndizo ambazo mama ntilie na wenye nyumba wamelazimika kuzibeba kwa niaba ya ofisi. Tena hiyo si hisani. Bodi iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 ili ikopeshe, na wewe utakapoajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi hadi deni liishe. Anayecheleweshewa mkopo wake mwenyewe ana haki ya kuuliza kwa upole na kwa uthabiti, na ana haki ya kujibiwa kwa maandishi.

Wakati hayo yanafuatiliwa, njaa haisubiri jedwali. Kila mmoja wenu hulipa mchango wa serikali ya wanafunzi anapojisajili, na nimewahi kuona bajeti za serikali za namna hiyo ambamo bonanza na sherehe ya kuwakaribisha wanafunzi wapya zilitengewa fedha nyingi kuliko ustawi wa mwaka mzima. Omba bunge lenu la wanafunzi lihamishe kifungu, hata kama ni kidogo, kiwe mkopo wa chakula kwa wale walio katika hali mbaya kabisa, urejeshwe boom itakapotoka. Omba pia barua mbili kutoka kwa mshauri wa wanafunzi: moja ya kuwaeleza wenye nyumba kwamba fedha ipo njiani, na nyingine ya kuwaeleza wasimamizi wa hosteli kwamba wanaobebana kwa dharura wasiadhibiwe katika kipindi hiki. Barua hizo haziigharimu ofisi hata shilingi moja, na kwa wale wasichana wawili huenda zikawa na manufaa kuliko mgomo wa wiki nzima. Halafu kumbuka kwamba katika chuo chenu wapo wasio na mkopo kabisa, ambao shida yao haitaisha siku boom itakapotoka. Wizara yako inaitwa ya mikopo, lakini bango lenu liliandikwa ustawi.

Sasa nije kwenye Jumatatu. Tamko hilo usilisaini, kwa sababu rahisi kwamba linailaumu Bodi kabla hamjajua kama aliyewachelewesha ni Bodi. Ikidhihirika baadaye kwamba tatizo lilikuwa idara moja chuoni kwenu, mtakuwa mmewanyima masomo wanafunzi wote kwa kosa la mtu asiyetajwa hata mara moja katika tamko.

Sikuambii hivyo kwa kuwa naogopa migomo. Nilikuwa mwanafunzi wakati chuo chetu kilipofungwa kwa mgogoro wa aina hii, tukapewa saa chache za kufunga mizigo, na tulipoitwa tena miezi mingi baadaye kila mmoja alitakiwa kujaza fomu ya kuahidi tabia njema. Madai yetu yalikuwa ya kweli, na hadi leo sijaona sababu ya kuyaonea haya. Kilichonisumbua ni kwamba tulipokuwa majumbani hapakuwa na mtu nje ya chuo aliyeyakumbuka, kwa sababu hatukuwahi kumweleza mtu yeyote wa nje yanamhusu vipi. Wenzetu wa zamani walipata funzo kama hilo kwa gharama kubwa zaidi. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo pamoja na mengine yangewafanya walipwe asilimia 40 tu ya mshahara kwa kipindi cha utumishi huo. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na kwa kitendo hicho akawaacha wakionekana mbele ya wakulima kama watu wanaolilia vyeo kabla hawajaanza kazi. Mwaka 1978 wanafunzi wa chuo hichohicho waliandamana tena, safari hii wakipinga viongozi wa siasa kuongezewa maslahi, jambo lililomgusa kila mlipa kodi, na bado mamia walifukuzwa na chama chao kikavunjwa, kwa sababu waliokubaliana nao walikuwa wengi lakini hapakuwa na waliosimama nao.

Linganisha hayo na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo ilikuwa ikivimbisha madeni ya waliokopa mwaka hadi mwaka. Waliokuwa wakiumizwa nayo hawakuwa tena wanafunzi, walikuwa walimu, wauguzi na maofisa wanaokatwa mishahara, kwa hiyo kilio hicho kikawa cha wafanyakazi, na Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuifuta siku ya Mei Mosi mwaka 2021 huko Mwanza. Sisemi kwamba wanafunzi waache kudai hadi wapate kazi. Nasema kwamba dai la mkopo lina watu wengi nje ya geti la chuo, kuanzia mama ntilie wenu hadi mwalimu anayekatwa kila mwezi, na serikali ya wanafunzi yenye busara huwatafuta hao kabla haijatafuta mabango.

Hapa niruhusu niseme neno moja la pembeni. Miaka mingi sasa nimekuwa nikiitazama hii desturi ya kuwa na marais, mawaziri wakuu na waheshimiwa chuoni, na naona imewapotosha vijana wazuri. Zamani tulisema chama cha wanafunzi, au umoja wa wanafunzi, na mwenyekiti wake alijua kwamba kazi yake ni kusemea wenzake. Mkijiita serikali, mnaanza kutoa matamko na kuwaita wanaouliza maswali wasaliti, kama ulivyoitwa wewe, ilhali kuuliza maswali kabla ya kusaini ndiyo kazi uliyopewa. Waombe wenzako wakupe hadi Ijumaa ya wiki ijayo, uwaletee jedwali na majibu ya maandishi kutoka kila ofisi. Ikiwa ofisi zitakataa kujibu, mambo yabadilike: rais wenu achukue jedwali hilo, aliwasilishe katika vikao vya chuo ambamo wanafunzi wana uwakilishi, na kumbukumbu za kikao zionyeshe tarehe. Mkifika mahali mkalazimika kupaza sauti hadharani baada ya hapo, mtakuwa na kitu cha kuonyesha, na mimi mwenyewe sitakushauri ukae kimya.

Kuhusu fulana 200, zikataeni kwa shukrani. Anayechagua wazungumzaji ndiye mwenye mazungumzo, na mkizivaa mtakuwa mmeithibitishia ofisi ya mshauri kwamba mistari yake miwili ilikuwa sahihi.

Mistari hiyo miwili, hata hivyo, haikuwa sahihi, na ahadi ya tatu sikubali uiache. Kukataza kampeni za vyama chuoni ni jambo moja, na kumfundisha mwanafunzi wa ualimu Katiba ya nchi yake ni jambo lingine. Ibara ya 21 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika maamuzi yanayomhusu yeye na taifa lake, na ibara ya 5 inampa haki ya kupiga kura akitimiza miaka 18. Andika upya ombi lenu kwa kuzitaja ibara hizo, taja mada ya kila Jumatano, taja mzungumzaji asiye kiongozi wa chama chochote, na umwalike mshauri wa wanafunzi mwenyewe afungue mazungumzo ya kwanza. Kwa Jumatano zinazohusu upigaji kura, fahamu kwamba Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ndiyo inayosimamia elimu ya mpiga kura na hutoa vibali kwa wanaotaka kuitoa, kwa hiyo mwombeni mzungumzaji kutoka huko, au kutoka katika asasi yenye kibali. Ofisi inayoogopa siasa itapata shida kumkataa ofisa wa Tume.

Na msianze na mambo ya juu sana. Anzeni na ratiba na karatasi, kwa sababu ndizo zinazomnyima mwanafunzi kura yake mara nyingi kuliko kitu kingine. Uchaguzi mkuu wa 31 Oktoba 2010 ulifanyika vyuo vikiwa havijafunguliwa, na wanafunzi wengi waliokuwa wamejiandikisha karibu na vyuo vyao walibaki majumbani na kadi zisizowafaa. Mwanafunzi aliyeandikishwa nyumbani Mtwara na anayesoma Iringa anapaswa kujua mapema, wakati daftari la wapiga kura linapoboreshwa, kama ahamishe taarifa zake au asafiri. Uchaguzi wa serikali za mitaa nao una orodha yake tofauti na Daftari la Kudumu. Mwaka 2024 uandikishaji wake ulifanyika kwa siku kumi tu, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kipindi ambacho wanafunzi wengi huwa bado wanafunga mizigo kuja chuoni.

Wengi wenu mmepanga vyumba uraiani na mnajiona wapita njia, ingawa miaka mitatu si muda mfupi. Mwenyekiti wa mtaa ndiye mnayemkimbilia mkiibiwa kompyuta, ndiye anayewajua wenye nyumba kwa majina, na ndiye angeweza kukaa nao chini wakati boom inapochelewa ili wale wasichana wawili wasitolewe nje. Je, yupo kati ya mawaziri wenu aliyewahi kuhudhuria mkutano wa mtaa anamoishi? Jumatano yenu ya kwanza ningeifanya kuhusu hilo, na ningemwalika huyo mwenyekiti aje kwenye vimbweta aulizwe maswali. Hapo utaona kwamba ahadi yenu ya pili na ya tatu ni kazi moja, na huna sababu ya kuchagua uitupe ipi.

Usijiuzulu, lakini punguza. Uwaziri wako unaisha Mei, na shahada yako ina mwaka huu tu uliobaki. Tafuta naibu wawili, mmoja ashike mikopo na mwingine ashike malazi, kisha jiwekee saa ambazo mtu hawezi kukupata isipokuwa maktaba. Mwanafunzi mwenye shida anahitaji mtu anayejibu, na si lazima mtu huyo awe wewe kila mara.

Mama yako mpigie wewe kwanza, kabla hajasikia kwa mtu mwingine habari za Jumatatu. Anauza nyanya, kwa hiyo anajua kukopesha na kudai. Mweleze kuhusu mama ntilie wa chuoni aliyewalisha wanafunzi kwa wiki tatu bila kulipwa, na umuulize yeye angefanya nini. Nadhani mtaelewana haraka kuliko unavyotarajia.

Mwisho ni hilo daftari. Watu 41 walikueleza njaa yao na mahali wanapolala kwa sababu walikuamini wewe, wala hawakuja kwa serikali ya wanafunzi. Ofisini peleka hesabu ya idara, miaka na benki, na usipeleke jina la mtu yeyote ambaye hajakuruhusu. Lisipigwe picha, lisiingie kwenye kundi la WhatsApp, na siku ya kukabidhi ofisi umkabidhi waziri ajaye jedwali. Daftari lenyewe urudi nalo nyumbani.